Mikro Mbili na Nafasi ya Katikati

Kasongo, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Josué,

Nakusalimu kwa niaba ya wote, hata wale wasionituma. Sisi wazima, isipokuwa bega langu, na habari za bega utazisoma hapa chini. Mpunga tumevuna, si haba. Mama Estelle bado yumo katika nguo nyeusi, anakula kidogo na anasema kidogo zaidi. Barua hii inaletwa na Moustapha kwa pikipiki yake. Mpe maji na chakula, usimpe pombe, maana atarudi njia ile ile.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Ni amri ya baraza la ukoo. Baba mdogo Isidore, ambaye tangu Baba afe ndiye prezidenti wa baraza, anataka mambo yote ya urithi yawe kwenye karatasi na yasomwe mbele ya watu. Alisema: "Ku simu mutu anaweza kukana. Karatasi hapana kukana."

Marehemu Baba yetu Placide hakuacha vingi. Shamba lilikuwa rahisi kugawa, na nyumba pia. Ikabaki gitaa yake ya umeme. Walibishana siku mbili nzima. Siku ya pili jioni, Baba mdogo Isidore akauliza gitaa ina mikro ngapi, yaani vile visanduku viwili vilivyo chini ya nyuzi vya kunasa sauti. Wakamwambia mbili. Akapiga meza kwa furaha: wake wawili, mikro mbili! Basi mikro ya karibu na shingo ya gitaa ni ya nyumba ya kwanza, yaani mimi na wewe, watoto wa marehemu Mama Julienne. Mikro ya chini ni ya nyumba ya pili, yaani Mama Estelle na mwanawe Dady. Kila mikro ina butoni zake mbili, moja ya kupandisha sauti na moja ya kuing'arisha, kwa hiyo butoni nazo zikagawanyika zenyewe. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, na sasa najuta.

Katika ukoo mzima anayejua kupiga gitaa ni Dady peke yake, naye hana ruhusa ya kugusa butoni zetu. Basi kila Jumapili kwaya ikiimba, mimi, mwalimu wa darasa la sita, nasimama ubavuni mwake na vidole viwili juu ya butoni za nyumba ya kwanza. Akisogea, nasogea. Akicheza, nacheza. Ndiyo bega hilo.

Sasa sikia shida yenyewe. Gitaa ina swichi yenye nafasi tatu. Ikiwa juu, mikro yetu inaimba vizuri. Ikiwa chini, mikro yao inaimba vizuri. Ikiwa katikati, ambapo zote mbili zinapaswa kuimba pamoja, sauti inakonda, inakuwa kama ya mbu. Kila nyumba inasema nyumba nyingine imeroga.

Tarehe 6 Julai tunaondoa matanga ya Baba. Baraza limeamua kwamba siku hiyo gitaa ipigwe katikati, nyumba zote mbili pamoja na kwa sauti safi. Ikishindikana, itafunguliwa palepale na kila nyumba itaondoka na mikro yake. Gitaa ya Baba, Josué, ikatwekatwe kama kuku wa sikukuu! Wewe ndiwe fundi wetu, unatengeneza redio na spika za mji mzima wa Salamabila. Tuandikie butoni zifungwe namna gani.

Na uniambie kama utakuja siku hiyo. Kwenye mazishi nilikutazamia mpaka kaburi likajaa udongo.

Dada yako,
Laetitia

*

Salamabila, 3 Machi 2024

Yaya Laetitia,

Amani kwako, dada, na kwa bega lako. Mimi niko. Mvua inatupiga, wachimbaji wanashuka mashimoni na redio wanapanda nazo zimejaa matope, kwa hiyo kazi haikosekani. Mama Nabintu, jirani yangu anayekaanga mikate, anakusalimu ingawa hakujui. Moustapha alichelewa siku tisa kwa sababu ya matope, kisha akala kwangu kwa siku mbili.

Kuhusu butoni. Mnaweza kuziacha nne kama zilivyo, ila mjue kwamba swichi ikiwa katikati, nyumba moja ikishusha sauti yake hadi sifuri, na nyingine inanyamaza. Ndivyo gitaa za aina hii zinavyofungwa kwa kawaida. Njia nyingine ni kuhamisha waya kwenye mguu wa pili wa kila butoni ya sauti, hapo kila nyumba inajinyamazisha yenyewe tu, lakini ukishusha, sauti inafifia na kuwa nzito. Kuna wanaopenda butoni moja tu ya sauti kwa mikro zote na moja ya kung'arisha, basi, mambo yanaisha, na matundu mawili yanabaki wazi. Au butoni mbili za sauti na moja ya kung'arisha ya wote, halafu ya nne iwe ya kuvuta juu: ukiivuta, inazima nusu ya mikro, maana ndani ya kila mikro mna koili mbili, yaani mizingo miwili ya waya mwembamba.

Kwa ajili ya mbu, dawa ya haraka hii hapa. Nyumba moja iweke sauti kumi, nyingine ishuke hadi saba. Sauti itanenepa. Jumapili inayofuata mbadilishane. Zikiwa sawasawa ndipo zinapolana zaidi.

Kahawa ya Lusangi bado ni nzuri? Nimesahau ladha yake.

Josué

*

Kasongo, 27 Machi 2024

Mdogo wangu,

Tumshukuru Mungu u mzima, hata kama katika barua nzima ulichouliza ni kahawa tu. Kahawa nzuri. Wanafunzi wangu wanajiandaa na mtihani, Dady ameota jipu begani, upande wangu. Wanasema ni mimi.

Barua yako ilisomwa barazani mara mbili. Butoni moja kwa wote ilikataliwa kabla msomaji hajamaliza sentensi, kwa sababu atakayeishika ndiye atakuwa mkubwa wa ukoo. Butoni ya kung'arisha ya pamoja ilikataliwa na nyumba ya pili. Ile ya kuvuta inayozima nusu ya mikro ilileta kelele. Dady alisimama akasema Mama Estelle ana mtoto mmoja tu, sasa mnataka na koili yake moja izimwe? Nyumba yetu iliguswa, ikaomba radhi, ingawa hakuna aliyekuwa amesema kitu.

Kuhusu ile kumi kwa saba, ndipo tulipokaribia kupigana. Dady alisema: "Siye tuwe saba? Ku matanga ya baba yetu? Batu batasema nini?" Mimi niliposema basi sisi tutakuwa saba, binamu zetu wote wa nyumba ya kwanza walinigeukia na kuniita msaliti. Mwishowe Baba mdogo Isidore akatoa hukumu ya haki: kumi kwa kumi. Imeandikwa, tumetia vidole gumba, na butoni zote nne zimezungushiwa utepe wa gundi zisisogee. Sasa tuna usawa kamili na mbu aliye mkubwa kuliko wote tuliowahi kumsikia. Padri ameomba kwa upole tupige ngoma tu.

Baba mdogo pia analalamika kwamba kila mtu ana butoni ila yeye. Anaomba ya tano, ya prezidenti. Inawezekana?

Hukujibu kama utakuja.

Laetitia

*

Salamabila, 20 Aprili 2024

Yaya,

Pole kwa jipu la Dady, si wewe. Hapa homa imenipitia ikaenda zake. Nyumba yangu inavuja mahali pamoja tu, nimeweka sufuria.

Butoni ya tano inawezekana. Toboeni tundu dogo chini ya zile nne na mkaze butoni yoyote ya redio iliyokufa. Isifungwe na waya wowote. Naomba hapo msomaji asome kwa sauti ndogo.

Kwa mbu, naona hamtaki kushuka, basi niseme ukweli wa mambo. Butoni hazina kosa. Mikro moja waya zake zimegeuzwa. Inasukuma wakati mwenzake anavuta. Kila moja peke yake nzima, zikiwa pamoja zinauana. Fungueni kifuniko cha nyuma. Kwa kila mikro mtakuta waya mbili nyekundu, zote nyekundu kwa sababu nyeusi ilikuwa imekwisha. Chukueni mikro moja, waya iliyoko kwenye butoni ihamie kwenye masi, yaani pale waya zote za kurudi zinapokutana, na ile ya masi ihamie kwenye butoni. Kazi ya dakika tano kwa fundi yeyote. Geuzeni mikro yoyote, ya kwetu au ya kwao. Matokeo ni yale yale.

Siku za Julai kazi huwa nyingi hapa.

Josué

*

Kasongo, 15 Mei 2024

Josué,

Salamu. Leo nazifupisha, wote wazima, hata jipu limepona.

Kwanza, Baba mdogo. Msomaji hakusoma kwa sauti ndogo, hana sauti ndogo. Kila mtu alisikia kwamba butoni ya prezidenti haitafungwa popote. Tukainamisha vichwa tukingoja radi. Baba mdogo akafikiri, akatabasamu, akasema: "Ni haki yake. Mukubwa hafungwi na waya." Sasa kila Jumapili anakuja, anaizungusha robo, anasikiliza, anarudisha kidogo, anakubali kwa kichwa. Anadai sauti imepata heshima.

Pili, kugeuza. Ulisema yoyote. Ndiyo shida, Josué! Ungesema ya fulani, tungejua. Dady anasema nyumba yao haitageuzwa miguu juu kama popo kwa kosa la wengine. Binamu zetu wanasema hivyo hivyo. Wote wanakubali kwamba mojawapo igeuzwe, na wote wanakubali kwamba isiwe yao. Baraza linataka kujua ni mikro gani iliyogeuzwa na nani aliigeuza, ili mwenye kosa ndiye arudishwe. Tusipojua, Baba mdogo amesema bisibisi itaingia hata kabla ya matanga, kikao kijacho.

Tatu, na hili naandika mwenyewe, si baraza. Dady alifungua kifuniko mbele yangu. Tulikuta waya mbili nyekundu kwa kila mikro, kama ulivyosema. Gitaa hiyo hujaiona miaka kumi na mmoja. Ulijuaje rangi? Ulijuaje kwamba nyeusi ilikuwa imekwisha?

Mimi ni dada yako, nilikubeba mgongoni kabla hujaota meno. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nijibu.

Laetitia

*

Salamabila, 2 Juni 2024

Yaya Laetitia,

Karatasi hii ni yako peke yako. Usiisome barazani, nakuomba kwa jina la Mama.

Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimejifunza kulehemu miezi mitatu, nikajiona profesa. Baba alikuwa amesafiri kwenda shambani. Nikafungua gitaa yake ili nisafishe waya na nimshangaze, maana kulikuwa na harusi ya yule mkatekista Jumamosi. Nilibadilisha waya zote. Nyeusi ilikwisha, nikatumia nyekundu tupu, na kwenye mikro moja nikachanganya kwenda na kurudi. Nilijaribu swichi ikiwa juu, safi. Chini, safi. Katikati sikujaribu.

Unakumbuka harusi hiyo? Ulikuwa na mimba, ulikaa nje. Kwenye wimbo wa bibi harusi Baba akaweka swichi katikati. Mbu. Watu wakacheka, mpaka bwana harusi akacheka. Baba akanitazama, akasema mbele ya maikrofoni ya kanisa: "Huyu mutoto akitengeneza kitu, muchimbe na kaburi ya hicho kitu." Wakacheka tena. Asubuhi nilipanda lori la Salamabila, na tangu siku hiyo sikumsalimu hata kwa simu. Nilikuwa nangoja aanze yeye. Nadhani naye alikuwa anangoja nianze mimi.

Siku ya mazishi habari ilinifikia mapema. Moustapha alikuja mlangoni pangu, kiti cha nyuma kiko wazi, njia kavu. Nilimwambia nina malaria. Sikuwa na malaria. Nilikuwa na haya, na hasira pia, nikalala kitandani nimevaa viatu.

Mikro niliyoigeuza ni ya shingoni. Ni ya kwetu. Igeuzeni hiyo, mpigieni Baba wimbo wake, na mniache huku. Sistahili kuja kutoa nguo nyeusi ambazo sikuzivaa.

Josué

*

Kasongo, 18 Juni 2024

Josué, mtoto wa mama yangu,

Nimeisoma barazani. Nisamehe au usinisamehe, lakini ningefanyaje? Dady alikuwa ameshika bisibisi, skrubu mbili za mikro ya chini zilikuwa tayari mezani, na Mama Estelle alikuwa ametazama ukuta. Niliitoa mfukoni nikasoma yote, mpaka viatu kitandani.

Binamu zetu, waliokuwa wakiapa kwamba nyumba ya kwanza haina kosa, walianza kutazama dari. Halafu Mama Estelle, ambaye tangu mwaka jana hajasema barazani hata neno moja, akafungua kinywa.

"Miye nilijua. Placide alinielezea siku ile ile. Fundi mumoja wa Kindu alikuya hapa mara mbili, akasema, 'Baba, lete, nitengeneze, ni dakika tano.' Placide akakatala. Akasema, 'Acha vile. Pa katikati ni pa Josué. Atakuya kutengeneza yeye mwenyewe.'"

Dady akaweka bisibisi chini. Alisema anakumbuka: Baba alipomfundisha kupiga, kila alipotaka kuweka swichi katikati, Baba alimpiga kidole. Alifikiri ni mtindo. Miaka kumi na mmoja, Josué, Baba alipiga gitaa hiyo juu na chini, juu na chini, na katikati hakukanyaga. Nililia, na binamu zetu wakalia, na nilikuwa na hasira na nyinyi wawili kwa ujinga wenu mmoja.

Baba mdogo Isidore, ambaye machozi yanamchosha, aliamuru iandikwe hivi, nami nakunakilia bila kugeuza neno: "Baraza limetambua kwamba gitaa ya marehemu ina warithi watatu. Mikro ya shingo, nyumba ya kwanza. Mikro ya chini, nyumba ya pili. Nafasi ya katikati ya swichi, Josué, peke yake, kwa neno la marehemu lililoshuhudiwa na mjane. Hakuna fundi, ndugu wala padri atakayegusa waya wa katikati isipokuwa mwenyewe. Mwenyewe asipofika kuchukua mali yake tarehe 6 Julai kabla ya jua kufika utosini, katikati itarudi kwa prezidenti." Ameshaanza kufanya mazoezi ya kuisogeza swichi. Anatumia nguvu sana, naogopa ataivunja.

Hayo ni ya baraza. Ya kwangu ni haya. Sitaki gitaa, wala sitaki kujua habari za koili. Nakutaka wewe. Njoo na haya zako, njoo na hasira zako, kuna nafasi ya vyote. Mama Estelle amekutandikia kitanda katika chumba cha Baba na amekataza mtu mwingine asilale humo.

Laetitia

*

Lusangi, 5 Julai 2024

Yaya,

Leo sina habari za mvua wala za majirani. Niko Lusangi, njiani kuja kwenu. Nina chuma cha kulehemu kwenye mfuko wa shati na risasi ya kulehemu kwenye mfuko wa suruali. Pikipiki ya Moustapha imekufa hapa, injini imekwama kabisa, amekaa kando yake anaitukana kwa lugha tatu.

Ilipita pikipiki moja yenye nafasi moja. Mama mmoja, Chancelle, ana mgonjwa huko Kasongo, nikamwachia. Ndiye anayekuletea karatasi hii. Mimi naanza kutembea sasa hivi, na nitakapochoka nitaomba baiskeli ya mtu. Jua la kesho litafika utosini kabla yangu. Mwambie Baba mdogo aondoe mkono wake kwenye swichi.

Waambie na wengine wangoje. Kama chakula kitapoa, kipoe. Kama kwaya itachoka, ikae chini. Msiondoe matanga bila mimi, yaya. Mimi sijalia bado.

Josué